Kiswahili cha Wakombozi

Martha aliolewa na shujaa, na kwa miaka yote ya ndoa yao hakuachiwa nafasi ya kulisahau jambo hilo.

Mtu yeyote aliyeingia kwenye kihamba chao, shamba lao la migomba kule Machame, hata kama amekuja tu kuuliza mkungu wa ndizi, alivutiwa kigoda, akapewa pombe ya mbege, kisha akachukuliwa kwa maneno kutoka mpakani Mutukula hadi Kampala. Efraimu, mumewe, alikuwa na utaratibu wake wa kuisimulia vita. Kwanza alinyoosha mguu wa kulia na kulisugua goti, mguu ambao hakuna risasi iliyowahi kuugusa. Halafu akamtaja Amin, kwa sauti ya mtu anayemtaja jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba. Halafu walitembea. Walitembea kwenye matope, wakala mihogo mibichi, wakalala wamesimama, na mwisho wa safari wanawake wa Uganda wakatandika nguo zao barabarani ili wakombozi wapite juu yake. Kila mwaka nguo zile ziliongezeka.

Martha alisikia yote hayo akiwa jikoni, wala hakubisha. Alikuwa amejifunza kuziba masikio bila kutumia mikono. Yeye alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda chake Bomang'ombe, karibu na soko. Asubuhi alishuka, jioni akapanda, na kati ya hapo alishona sare za shule na magauni ya kipaimara mpaka vidole vikaota sugu. Kwa sindano yake, binti yao Kindness alisomea unesi, na kwa sindano hiyo hiyo Jesse, mdogo wake, akawa mhandisi wa majengo. Shujaa alikuwa na mibuni. Aliipogoa kwa mdomo tu.

Cherehani yenyewe ilikuja na vita. Efraimu aliporudi kutoka Uganda alikuwa na begi lake la jeshi, redio ya mbao, na cherehani nyeusi iliyochorwa maua ya rangi ya dhahabu, akaileta nyumbani kwa kina Martha kama zawadi ya uchumba. Hiyo ilikuwa miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Binti aliyeletewa cherehani wakati ule alisemwa kijiji kizima. Mama yake Martha alipoifuta vumbi alikuta chini ya sindano kimebanwa kitambaa: mkono wa gauni la mtoto, umeshonwa nusu, uzi bado umetungwa.

"Hiki ni nini, baba?" alimuuliza mkwewe mtarajiwa.

Efraimu alikichomoa, akakitupa motoni. Alisema wenyewe walikuwa wamekimbia, vitu vilikuwa vimezagaa, kila mtu alichukua. Hakuna aliyeuliza tena. Martha alikuwa msichana wa miaka ishirini, na alikuwa anaitaka cherehani.

Basi wakaishi. Ikawa hivyo mpaka Jesse alipopata kazi Kampala, na mwaka uliopita akapiga simu kusema amepata mchumba. Binti anaitwa Resty, mwalimu, mzaliwa wa Masaka.

Efraimu alifurahi kuliko watu wote. "Masaka!" alisema, akapiga paja. "Masaka mimi naijua nyumba kwa nyumba, Mama Jesse. Nyumba kwa nyumba."

Martha alikuwa anamenya ndizi za kupika machalari. Aliendelea kumenya, lakini maneno yale hayakupita. Mtu anaujuaje mji nyumba kwa nyumba, kama alikwenda pale kupita tu juu ya nguo za wanawake?

Desemba, wakati kila Mchagga anaporudi nyumbani, Jesse alirudi na Resty. Wakaja pamoja na shangazi yake Resty aliyemlea, mama mmoja mnene wa mwendo wa taratibu, Namatovu kwa jina, ambaye kwa desturi ya kwao ndiye wa kuikagua nyumba anayokwenda kuolewa binti. Martha alimpenda tangu alipomwona akishuka kwenye gari, kwa sababu hakuusifu mlima. Wageni wote huusifu mlima kana kwamba wenyeji wameupanda wao. Namatovu aliitazama migomba, akaugusa mmoja, akaitikia kwa kichwa.

Efraimu alikuwa amevaa koti lake la sherehe na medali zote. Pembeni yake aliketi Julius, mdogo wake, mzee wa kanisa. Huyu Julius wakati wa vita alikuwa Sanya Juu akilangua mahindi, na hakuwahi kushika hata manati, lakini vita ile aliipenda kuliko waliopigana. Aliifanya kuwa mali ya ukoo. Palipokuwa na msiba, harusi au ubatizo, Julius alisimama na kuiingiza vita ya Uganda kati ya sala na chakula.

Hata siku hiyo alisimama. Nyama ilikuwa imeshapakuliwa, ikabidi watu waishike mikononi wakingoja.

"Dada zetu wa Uganda," alisema, "karibuni kwa aliyewakomboa. Kama si huyu mzee mnayemwona, leo hii mngekuwa bado mnasujudia dikteta. Sasa mimi nasema, kuhusu mahari ya huyu binti, msitusumbue sana. Huyu tulishamlipia zamani, kwa damu."

Alicheka mwenyewe. Efraimu akacheka kidogo, kwa unyenyekevu wa mtu anayesifiwa mbele yake. Jesse naye akacheka, na Martha akamwona mwanawe kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo. Kijana mrefu, msomi, anacheka kwa sababu baba na baba mdogo wanacheka.

Resty aliinama kumtafsiria shangazi yake. Namatovu alimgusa mkono kumzuia. "Wacha," alisema. "Nimesikia. Kiswahili ninasikia."

"Ahaa," Julius akafurahi. "Kumbe mama anakijua Kiswahili. Umejifunzia wapi, mama?"

"Kwa wakombozi."

"Mnaona!" Efraimu akageukia meza nzima. "Hata lugha tuliwaachia."

"Hebu tusikie basi," Julius akasema. "Walikufundisha nini?"

Namatovu aliweka sahani yake chini. Alifuta vidole kimoja kimoja. Alipoanza kusema hakupandisha sauti, alitaja tu, kama mwanafunzi anayesomeshwa ubaoni.

"Fungua mlango," alisema. "Lala chini. Toa saa. Pesa iko wapi. Nyamaza. Wewe, msichana, njoo. Hiyo haikuwa mimi. Hiyo ilikuwa dada yangu, na yake sitasema hapa. Basi. Hiyo ndiyo Kiswahili yangu yote ya wakombozi. Nyingine nilijifunza kwa redio."

Nje, ng'ombe alilia mara moja. Julius, ambaye hajawahi kuiona nafasi tupu asiijaze, akakohoa.

"Lakini mama, hao watakuwa walikuwa askari wa Amin."

"Wa Amin walikuwa wamekimbia. Hao wa Amin walimchukua mjomba wangu na hakurudi, ndiyo sababu nyinyi mlipokuja sisi tulishangilia. Baba yangu alichinja mbuzi. Mlikula, mkasema asante. Siku ya pili mlirudi, na hatukuwa tumewaita." Alikuwa anamwambia Julius, lakini macho yake yalikuwa kwenye medali za Efraimu. "Baba alikuwa na saa. Mkono wake ulikuwa umevimba, saa haikutoka haraka. Walivunja mkono. Halafu mji. Risasi zimekwisha, adui hayuko, mnaweka baruti kwa nyumba. Moja, halafu ingine. Sisi tunaangalia kutoka kwa migomba."

"Wao ndio walioanza," Efraimu alisema. "Walivuka mpaka, wakaua watu wetu kule Kagera, wakaswaga ng'ombe wetu, wakabomoa nyumba zetu. Sisi tulijibu."

"Hao walikuwa Amin," Namatovu akasema. "Mimi nilikuwa darasa la tatu."

Kisha akachukua sahani yake, akaendelea kula. Ndizi alizila zote. Martha aliinuka kuleta maji ya kunawa, ingawa hakuna aliyekuwa amemaliza, kwa sababu alitaka kutoka pale asionekane uso. Alikuwa na aibu, lakini aibu ile ilikuwa imechanganyika na kitu kingine ambacho hakukitarajia. Ilikuwa kama furaha. Kwa mara ya kwanza maishani mtu alikuwa amekalishwa kwenye kigoda cha Efraimu, akanyweshwa mbege yake, akakataa kutembezwa.

Jioni alimkuta mumewe bandani akikatia ng'ombe shina la mgomba. Alikuwa anakata kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Medali alikuwa ameshazivua.

"Baba Jesse," Martha alisema, "siku hizo ulikuwa wapi?"

"Siku zipi?"

"Za Masaka. Hizo za nyumba kwa nyumba."

"Unamwamini mgeni kuliko mumeo."

"Mume wangu bado hajasema kitu. Nimwamini kwa lipi?"

Efraimu alisimama na panga mkononi. Alisema hakumvunja mtu mkono. Alisema kulikuwa na watu wabaya, kila jeshi duniani lina watu wabaya, wengine walishtakiwa. Alisema yeye alikuwa mdogo na alifuata amri.

"Sikuuliza kama ulivunja mkono," Martha akasema. "Nimeuliza ulikuwa wapi."

"Nchi nzima ilifunga mkanda kwa ajili ya watu wale!" Sauti yake ilipanda, kisha akakumbuka kuna wageni, akaishusha. "Tulikula ugali wa njano kwa ajili yao. Wewe mwenyewe ulikosa sabuni."

"Nilikosa sabuni, nikapata cherehani."

Efraimu aligeukia shina lake la mgomba. Martha alimtazama mgongo, mgongo mwembamba wa mzee kwenye fulana iliyotoboka, akangoja aone kama atamhurumia. Huruma haikuja. Kilichokuja ni kuchoka, na chini ya kuchoka, dharau ya zamani sana iliyokuwa haijapata jina. Alikuwa amelala na mtu huyu, amemzalia, amemfulia. Kumbe mtu mzima anaweza kuuzungusha mdomo wake miaka mingi kuzunguka nyumba moja, asiingie hata siku moja.

Asubuhi Julius alirudi akiwa na mpango. Alikuwa amekata isale kwenye mpaka wa kihamba, jani bichi refu, amelifunga fundo kama ilivyo desturi ya Wachagga mtu anapokwenda kuomba radhi. Alilishika kwa vidole viwili, kwa heshima, kama mshumaa.

"Tumpe yule mama," alisema. "Kaka atalishika, mimi nitaongea. Isale halikataliwi. Akilipokea, mambo yamekwisha, tunaendelea na harusi."

"Na Efraimu atasema ametenda nini?" Martha aliuliza.

"Hakuna haja ya kutaja. Tunasema tu, kama kuna lolote."

"Kama kuna lolote."

"Ndiyo, shemeji. Isale ni isale."

"Isale linamfunga Mchagga, Julius. Yule mama ni wa Masaka, kwake hilo ni jani. Mnataka mumpe jani, halafu muambiane wenyewe kwa wenyewe kwamba mmesamehewa. Mpelekee ng'ombe, atalila."

Julius alimtazama kaka yake ili amwonye mkewe. Efraimu alikuwa anaangalia viatu vyake. Lile jani likabaki juu ya meza mpaka likanywea.

Martha hakuwa bora sana kuliko wao, na siku hiyo hiyo alionyeshwa. Alimwomba Namatovu ashuke naye Bomang'ombe akaone kibanda chake. Resty alikuja kuwasaidia pale Kiswahili kitakapokwama. Njia nzima Martha alikuwa akiyapanga maneno, na walipofika alifungua kufuli, akaondoa kitambaa juu ya cherehani, akasema yote mfululizo: ilikotoka, ule mkono wa gauni, moto, jinsi alivyonyamaza. Akamalizia kwa kusema angependa irudi Masaka. Ataifunga vizuri, Jesse ataipakia kwenye gari.

Namatovu aliizunguka cherehani. Alipitisha kidole juu ya maua ya dhahabu, ambayo sasa yalikuwa yamefutika upande wa mkono wa kulia, mahali Martha alipoegemeza kiganja miaka yote.

"Sisi hatukuwa na cherehani," alisema.

"Najua, mama. Lakini ilitoka huko."

"Huko kuna watu wengi. Mwenyewe hayuko hapa. Mimi nikichukua, nitakuwa na kitu cha wizi, na wewe utakuwa umelala vizuri." Alisema maneno marefu kwa Kiganda, na Resty alisita kabla ya kuyatafsiri.

"Shangazi anasema, anaomba msimtafute yeye kila mtu anapotaka kutua mzigo. Anasema amekuja kuangalia kama kuna maji na kama baba mkwe anapiga watu."

Martha alicheka bila kutaka, kisha machozi yakamtoka, akayafuta kwa kipande cha kitambaa cha sare. Namatovu hakumfariji. Alivuta kiti, akakaa, akauliza kama pale Bomang'ombe mtu anaweza kupata chai. Walikunywa chai. Waliongea juu ya bei ya vitambaa na juu ya magoti yanayouma. Kabla hawajaondoka, Namatovu alitoa sharti moja tu: siku ya harusi, kule Masaka, yule mzee asizungumze vita. Si sifa, si msamaha. Asizungumze kabisa.

Jesse alipewa kazi ya kumpelekea baba yake ujumbe. Alizunguka nao siku mbili. "Mama, mambo ya zamani yangeachwa tu," alimwambia Martha.

"Yaachwe na nani?" Martha alimjibu. "Baba yako hajayaacha tangu nimjue. Ameambiwa ayaache siku moja."

Efraimu alipoambiwa alisema hawezi kuwekewa masharti na watu aliowakomboa. Hatakwenda. Alitegemea kubembelezwa, na alikaa na tumaini hilo wiki nyingi, akipita pale Martha alipokuwa akipanga nguo za safari, akikohoa. Hakuna aliyembembeleza. Julius alisema naye hawezi kwenda bila kaka yake, na hilo likamwokolea Martha gharama ya kumkataza.

Cherehani aliendelea kuitumia, kwa sababu kuitupa kungekuwa mchezo wa kuigiza, na sare za Januari zilikuwa zinangoja. Lakini jambo moja lilibadilika. Zamani, mteja alipoisifu na kuuliza ilinunuliwa wapi, alijibu kwamba ni zawadi ya mume wake. Sasa alijibu, "Haikununuliwa. Iliporwa Uganda wakati wa vita," akaendelea kumpima mtu kiuno. Wengine walidhani anatania. Mmoja alikwenda kumwambia Efraimu, na Efraimu akapanda hasira, akasema mkewe analitukana taifa. Martha akamwambia taifa lina wasemaji wengi, na yeye anasemea cherehani moja tu.

Mwezi wa Aprili alikwenda Masaka na Kindness. Harusi ilikuwa nzuri, yenye wanawake waliovaa gomesi za rangi ya machungwa na wazee waliopiga magoti kwa shida, na Namatovu akamkalisha Martha mahali pa heshima bila kueleza kwa nini. Asubuhi ya pili Martha alitoka peke yake kutafuta uzi wa kurekebisha gauni la Kindness. Alipita barabara yenye maduka mapya, na katikati ya maduka akaona kiwanja chenye majani, na ndani yake ngazi za saruji zinazopanda na kuishia hewani. Hakuuliza.

Kwenye duka la vifaa vya ushonaji alimkuta mzee mmoja wa umri wa Efraimu. Alimsalimia kwa Kiswahili, kwa adabu, akaomba uzi mweupe. Mzee hakujibu mara moja. Mkono wake ulikwenda kwenye redio ndogo iliyokuwa juu ya kaunta, ukaivuta polepole, ukaiweka chini asipoiona mteja. Alifanya hivyo huku akimtazama usoni, na Martha akaona kwamba mzee mwenyewe hakujua alichokifanya. Kisha akampa uzi, akamrudishia chenji yote, akasema asante.

Martha alisimama nje ya duka lile akiwa na uzi mkononi mpaka Kindness akaja kumtafuta.

Waliporudi Machame, Efraimu alikuwa amekaa barazani amevaa shati safi. Alimpokea begi, kitu ambacho hakuwa na kawaida ya kukifanya. Aliuliza habari za njiani, za mvua, za Jesse. Kindness alipoingia ndani, akasogeza kiti.

"Na wale watu walisemaje?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mimi. Kutokuja kwangu. Si waliniulizia?"

Martha alimtazama. Aliona kwamba katika wiki zile zote mzee wake alikuwa ameandaa majibu, ya mtu aliyelaumiwa na ya mtu aliyesifiwa, na alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili.

"Hakuna aliyekuulizia," alisema.

"Hata yule mama?"

"Hata yeye."

Efraimu alingoja aongeze neno. Martha akainama, akavua viatu vilivyokuwa vimemvimbisha miguu tangu Nairobi, akaingia navyo ndani.